Clouds ya Kipipiri: Nyumba ya Mlowezi Inayosubiri Ukarabati

Kila masika yanapofika kwenye miteremko ya Mlima Kipipiri, nyumba moja ya zamani iliyo juu ya Bonde la Wanjohi hupungua kidogo. Ubao wa dari huoza, lipu hubanduka, fremu ya dirisha hulegea. Nyumba hiyo inaitwa Clouds, yaani Mawingu. Ilijengwa miaka ya 1930, na ni mojawapo ya nyumba chache ambazo bado zimesimama kati ya zile za walowezi waliojulikana duniani kwa jina la Happy Valley.

Kuhusu nyumba kama hii, maswali ya wakazi huwa yale yale. Kwa nini pesa na jasho vitumike kuokoa nyumba ya mkoloni? Nani mwenye uamuzi: mwenye shamba, kaunti au serikali ya kitaifa? Na ukarabati wenyewe hufanywaje? Makala haya yanaanza na ziara ya nyumba, kisha yanajibu maswali hayo moja baada ya jingine.

Hodi kwanza

Njia ya kwenda Clouds hupita katikati ya mashamba ya viazi, kabeji na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Mgeni asitarajie jumba la ghorofa. Nyumba imejengwa chini chini na imetandaa, vyumba vyake vimezunguka ua wa ndani. Mpango huo ulikuwa na maana yake. Kipipiri ni mahali pa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake kila mkazi anaijua. Ua uliozungukwa na vyumba hukinga upepo na kuruhusu jua la mchana kuingia.

Kabla ya jambo lolote, mgeni hubisha hodi. Clouds si gofu lililoachwa porini. Tangu ardhi ya eneo hilo ilipogawanywa, nyumba imekuwa makazi ya watu. Kuku hupita uani, nguo huanikwa juani, na mahali palipoandaliwa karamu zamani sasa huhifadhiwa mavuno. Anayezuru nyumba hii huingia kwa watu, na inafaa aingie kwa adabu hiyo.

Ndani, vitu viwili huonekana mapema. Cha kwanza ni mahali pa kuotea moto, palipokuwa kiini cha kila nyumba ya mlowezi katika nyanda za juu. Cha pili ni mbao. Zilitumika kwa wingi kwenye sakafu, kuta na dari, kwa kuwa msitu ulikuwa karibu na mafundi walikuwapo. Vyumba vya wageni ni vingi, na ukubwa wa nyumba unaonyesha wazi kuwa ilijengwa ili kupokea watu wengi kwa wakati mmoja.

Ukisimama nje ukatazama bondeni, unaona Wanjohi yote imelala chini, na ng'ambo yake safu ya Nyandarua. Ni rahisi kuelewa kwa nini nyumba ilijengwa hapo. Kinachohitaji maelezo ni jinsi aliyeijenga alivyoipata ardhi.

Aliyeijenga

Clouds ilikuwa nyumba ya Lady Idina Sackville, mwanamke wa ukoo wa makabaila wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1893. Mwaka 1924 alikuja Kenya na mume wake wa tatu, Josslyn Hay, wakajenga nyumba yao ya kwanza katika eneo hili na kuiita Slains, jina la ngome ya ukoo wa Hay kule Scotland. Ndoa hiyo ilivunjika. Mwaka 1930 Idina aliolewa na Donald Haldeman, na katika kipindi hicho ndipo Clouds ilipojengwa. Kwa jumla aliolewa mara tano.

Yeye na marafiki zake walivuma kwa karamu, pombe, dawa za kulevya na kubadilishana wapenzi. Magazeti ya Uingereza yaliwaandika sana. Jina la Happy Valley lilizidi kusambaa baada ya Hay, aliyekuwa amerithi cheo cha Earl wa Erroll mwaka 1928, kupigwa risasi na kuuawa ndani ya gari karibu na Karen, Nairobi, tarehe 24 Januari 1941. Mlowezi mwingine, Sir Jock Delves Broughton, alishtakiwa kwa mauaji hayo na mahakama ikamwachilia. Hakuna mtu mwingine aliyehukumiwa. Vitabu kadhaa vimeandikwa juu ya kisa hicho, na filamu ya White Mischief ikatolewa mwaka 1987.

Idina alifariki nchini Kenya mwaka 1955. Hadi leo wako wageni wanaofika Kenya wakiulizia nyumba yake, kwa sababu wamesoma habari zake. Lakini vitabu hivyo vingi husimulia upande mmoja tu wa nyumba. Upande wa jikoni, zizi na shamba hautajwi sana.

Upande ambao haujasimuliwa vya kutosha

Kabla ya walowezi, nyanda za Kinangop na Laikipia zilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa makubaliano ya mwaka 1904, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Mwaka 1911 makubaliano mengine yakaiondoa hifadhi ya Laikipia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi wanajeshi waliotoka vitani. Hivyo ndivyo nyanda hizi zilivyoingia katika eneo lililoitwa White Highlands, ambako Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba.

Lakini mashamba hayo hayakujilima. Familia za Wakikuyu wengi ziliingia kama maskwota: zilipewa mahali pa kulima na kulisha mifugo, nazo zililipa kwa kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi kwa mlowezi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Baadaye siku hizo ziliongezwa, na mifugo waliyoruhusiwa kuwa nayo ikapunguzwa. Kila mwanamume wa kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, ambacho kilirekodi mwajiri wake na mshahara wake. Bila saini ya mwajiri, hakuweza kuondoka kihalali.

Kwa hivyo mbao za Clouds zina historia mbili. Kuna waliozikalia, na kuna waliozipasua, wakazibeba, wakazipiga randa na kuzisugua kila asubuhi. Hawa wa pili majina yao hayamo vitabuni, lakini wengi wana wajukuu wanaoishi Kipipiri, Wanjohi na Geta hadi leo.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, misitu ya Nyandarua iliyo mbele ya nyumba hiyo ikawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau. Mtu anayesimama Clouds leo huona kwa jicho moja nyumba ya mlowezi na msitu wa wapigania uhuru. Mahali pa kuonyesha mtoto wa shule jambo hilo bila kumhitaji afungue kitabu si pengi.

Baada ya uhuru

Mwaka 1962 ulianza mpango wa makazi uliojulikana kama Mpango wa Ekari Milioni Moja. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa mikopo, yakakatwa, na Wakenya wakapewa vipande walivyotakiwa kuvilipia kidogo kidogo. Nyandarua ilikuwa kitovu cha mpango huo, na vijiji vingi vya leo vilizaliwa hapo.

Nyumba kubwa za walowezi zilijikuta katikati ya mashamba madogo. Zingine ziligeuzwa shule na nyumba za walimu. Zingine zilikaliwa na familia zaidi ya moja. Zingine ziliachwa, mabati na mbao zikachukuliwa kwa ujenzi mwingine, na ukuta ukafuata. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Mkulima aliyekuwa na mkopo wa ardhi wa kulipa na watoto wa kusomesha hakuwa na pesa za kutunza nyumba ya vyumba vingi iliyojengwa na tajiri. Slains, nyumba ya kwanza ya Idina, haikusalimika kama Clouds.

Nyumba ya zamani hufa vipi

Wengi hudhani nyumba huharibiwa na uzee. Kwa kawaida huharibiwa na maji.

Maji huanza juu. Nyumba nyingi za walowezi wa nyanda za juu ziliezekwa kwa vigae vya mbao ya mutarakwa, na baadaye vigae hivyo vikafunikwa au kubadilishwa kwa mabati. Bati likitoboka au mfereji wa paa ukiziba, maji hushuka kwenye kenchi. Mbao iliyolowa huvutia kuvu na mchwa. Kenchi ikilegea, paa hulala, na paa likilala ukuta hupoteza kofia yake.

Maji pia huanza chini. Mtaro ukizibwa, au udongo wa shamba ukipanda hadi kwenye ukuta, unyevu huingia kwenye msingi na kupanda juu. Mtu akiona lipu inabanduka karibu na sakafu, mara nyingi hupiga saruji mpya. Hapo huongeza tatizo. Kuta za zamani zilizojengwa kwa mawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji ni ngumu na huuziba ukuta. Maji yaliyo ndani hukosa njia, hukaa, na baada ya miaka michache lipu hiyo ya saruji huanguka pamoja na uso wa jiwe.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa nyumba kama Clouds, ni hesabu ya kawaida ya fundi. Kuzibua mfereji wa paa ni kazi ya siku moja. Kubadilisha kenchi ni kazi ya miezi. Kujenga upya ukuta ulioanguka si ukarabati tena: hiyo ni nyumba mpya inayofanana na ile ya zamani.

Hatua za ukarabati

Kukarabati jengo la kihistoria ni tofauti na kukarabati nyumba ya kupanga. Lengo ni kuokoa kilichopo, wala si kukifanya kionekane kipya. Kazi hufuata mpangilio.

Kwanza, jengo hupimwa na kurekodiwa. Kila chumba hupigwa picha, vipimo huchukuliwa, na mchoro huandaliwa. Masimulizi ya wazee hukusanywa wakati huu pia: mlango upi ulizibwa, jiko lilikuwa wapi, wafanyakazi waliishi upande gani.

Pili, maji huzuiliwa. Paa hutengenezwa au kufunikwa kwa muda, mifereji huzibuliwa na mitaro huchimbwa. Hata kama pesa za kazi nyingine hazijapatikana, hatua hii pekee huipa nyumba miaka zaidi.

Tatu, sehemu zinazobeba uzito huimarishwa: msingi, kuta, kenchi, dohani.

Nne, vilivyoharibika hurekebishwa kwa vifaa vinavyolingana na vya awali: chokaa kwa chokaa, mbao kwa mbao. Ubao uliooza ncha hukatwa ncha na kuungwa, hautupwi wote. Mbao za mutarakwa zilizokomaa hazipatikani kwa urahisi siku hizi, kwa hivyo kila ubao mzima ulio ndani ya nyumba ni mali.

Tano, matumizi huamuliwa. Nyumba iliyokarabatiwa ikafungwa kufuli hurudi ilikotoka. Lazima iwe na watu, na iwe na mapato ya kulipia rangi, paa na mlinzi.

Nani mwenye uamuzi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iligawa kazi hii. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa jukumu la kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa. Serikali za kaunti zimepewa shughuli za kitamaduni, yakiwemo makavazi na maktaba, pamoja na utalii wa mashinani. Jengo kama Clouds linaweza kuangukia pande zote mbili, na ndiyo sababu serikali hizo hulazimika kushirikiana.

Sheria inayolinda majengo ya kihistoria ni Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Chini yake, Waziri, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, anaweza kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu inayolindwa, kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Kabla tangazo halijathibitishwa, ilani hutolewa na wenye haki juu ya mali hiyo hupewa nafasi ya kuwasilisha pingamizi. Jengo likishatangazwa, ni kosa kulibomoa, kulibadilisha au kuliharibu bila idhini.

Swali linalowasumbua wengi ni hili: je, nyumba ikitangazwa kuwa urithi, mwenyewe hunyang'anywa? La. Kutangazwa kwa jengo hakuhamishi hatimiliki. Kipengele cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya kila mtu, na serikali ikihitaji kuichukua kwa manufaa ya umma, lazima ilipe fidia kamili na kwa haraka. Kinachobadilika ni kwamba mwenye nyumba hawezi kuibomoa au kuijenga upya apendavyo. Huo ni mzigo, na ni haki mwenye kuubeba aulize atasaidiwaje.

Kwa sababu hiyo, mpango wowote wa ukarabati wa nyumba inayokaliwa na watu huanza mezani na wanaoishi humo: watahamia wapi wakati wa kazi, watapata nini katika mapato, na ni nani atakayesaini mkataba. Nyumba iliyookolewa kwa kuwafukuza wakulima wa Kipipiri ingekuwa inarudia historia ile ile ambayo tunasema tunataka kuihifadhi ili watu waijue.

Je, inalipa?

Mifano ipo. Nyumba ya Karen Blixen jijini Nairobi ilijengwa mwaka 1912, na Denmark iliikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru. Ilifunguliwa kuwa makavazi mwaka 1986. Kule Njoro, kasri la Lord Egerton, lililokamilika mwaka 1954, liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton na hupokea wanafunzi, watalii na harusi. Meru, ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya ya wakati wa ukoloni imekuwa makavazi tangu mwaka 1974. Kapenguria, mahali walipozuiliwa wapigania uhuru sita pakawa makavazi mwaka 1993.

Mifano hiyo inaonyesha mambo mawili. Jengo la mkoloni linaweza kutumika kusimulia historia ya Waafrika, ikiwa wanaosimulia watakuwa wenyeji. Na mapato hayatoki kwenye tiketi ya mlangoni pekee. Mgeni hula, hulala, hupanda mlima, hununua maziwa, asali na sweta za sufu, na hulipa mwongoza watalii. Clouds peke yake haitavuta umati. Ikiunganishwa na Mlima Kipipiri, misitu ya Nyandarua na mapango yaliyotumiwa na Mau Mau, inakuwa sehemu ya safari ya siku mbili au tatu.

Hata hivyo, wapo wakazi wanaosema barabara, maji na zahanati vitangulie. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Shilingi ikienda kwenye paa la Clouds, haikwenda kwingine. Ndiyo maana uamuzi huu ni wa umma.

Mkazi anaweza kufanya nini

Mipango ya kaunti huwa na tarehe zake. Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti huandaliwa kila baada ya miaka mitano. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hatua hizo, sheria inataka umma ushirikishwe. Anayetaka Clouds ikarabatiwe, na anayetaka pesa ziende kwingine, wote wana nafasi ya kusema kwenye vikao vya wadi. Maoni yanaweza pia kuandikwa na kupelekwa kwa ofisi ya msimamizi wa wadi.

Kuna mengine yasiyosubiri bajeti. Familia zilizo na picha, barua, vipande vya zamani au vifaa vilivyotoka kwenye nyumba za walowezi zinaombwa zivitunze na zisiviuze kwa wanunuzi wa vitu vya kale kabla ya kupata ushauri wa Makavazi ya Kitaifa. Anayeishi kwenye nyumba ya aina hiyo anaweza kuzibua mifereji ya paa, kuondoa udongo uliorundikana ukutani na kuepuka kupaka saruji juu ya lipu ya chokaa. Anayeipangisha au kuiuza asing'oe milango, sakafu na mahali pa kuotea moto.

La muhimu kuliko yote ni masimulizi. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati hali ya hatari ilipotangazwa amezaliwa mwaka 1937. Wanaokumbuka walowezi kwa macho yao wanapungua kila mwaka, kwa kasi kuliko mbao za Clouds. Walimu wa shule za Kipipiri wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee wenye simu ya kurekodi na maswali machache: Ulifanya kazi shamba la nani? Ulilipwa nini? Mliishi wapi? Kipande chako kiko wapi?

Paa linaweza kutengenezwa mwaka ujao au mwaka utakaofuata, pesa zikipatikana. Majibu ya maswali hayo yanapatikana sasa tu.